Reli ya Gulwe: Mada Juu ya Ushirikiano wa Vyombo vya Serikali Katika Kulinda Usalama wa Taifa

(Mada iliyotayarishwa kwa ajili ya Wajumbe wa Kamati za Ulinzi na Usalama za Wilaya, Maofisa wa Idara Maalum na Masheha. Inachapishwa kwa ukamilifu ili watendaji wote wapate kuisoma.)

Ndugu Mwenyekiti,
Waheshimiwa Wakuu wa Wilaya,
Ndugu Makamanda na Maofisa wa Vikosi,
Ndugu Masheha,
Mabibi na Mabwana,



Gulwe ni stesheni ya Reli ya Kati katika Wilaya ya Mpwapwa, Mkoa wa Dodoma. Haina bandari wala haipakani na nchi yoyote ya jirani. Mtu aliyezaliwa Unguja au Pemba anaweza kumaliza umri wake bila ya kulisikia jina hilo. Hata hivyo, mada hii imeichagua Gulwe kwa makusudi. Panapozungumzwa habari za usalama wa Taifa, wasikilizaji wengi hufikiria bunduki, mipaka na wapelelezi. Katika sehemu za Gulwe usalama huo umewahi kutegemea mambo madogo kuliko hayo: tuta la udongo, kalvati lililoziba kwa mchanga, breki za mabehewa, na taarifa ambayo ama ilimfikia anayehusika au haikumfikia.

Ndugu Mwenyekiti, reli inayopita Gulwe ilianza kujengwa Dar es Salaam na Wajerumani mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tangu siku hizo reli hiyo haikuwa njia ya biashara peke yake. Mwaka 1916 majeshi ya Wajerumani yaliyokuwa yakirudi nyuma mbele ya Waingereza yalivunja madaraja yake ili adui asiitumie. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Taifa lililazimika kuwapeleka askari, wanamgambo na vifaa umbali mkubwa hadi Kaskazini Magharibi, na reli ilikuwa mojawapo ya njia zilizotegemewa. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Sehemu ya chakula cha kuwalisha ilitoka bandarini Dar es Salaam kwa treni hadi Isaka, na kutoka hapo kwa malori. Treni hizo zote zilipita Gulwe. Hivyo basi, anayekata njia ya Gulwe, awe mtu au maji, huwa ameugusa ulinzi wa nchi hata kama hakukusudia.

Jirani na Gulwe iko stesheni ya Msagali, ambako zamani ilichepuka njia ya reli ya kwenda Kongwa kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 na ukashindwa baada ya miaka michache. Kongwa hiyo hiyo, tangu mwaka 1964, ilipokea wapiganaji wa vyama vya ukombozi vya Kusini mwa Afrika, wakiwemo wa FRELIMO, ANC na SWAPO. Kazi ya kuwahifadhi haikuwa ya jeshi pekee. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam, iliratibu misaada. Jeshi la Wananchi lilikuwa na dhamana yake, utawala wa wilaya ulikuwa na ya kwake, na wanavijiji wa Ugogo waliishi na wageni wenye silaha kwa miaka mingi. Baadhi ya wageni hao baadaye walikuja kuongoza nchi zao. Siri ya kambi kama ile hailindwi na askari wa zamu getini, kwani muuza maziwa huiona kambi kila asubuhi. Hulindwa pale ambapo kila mhusika anajua mpaka wa kazi yake na anajua pia ni nani wa kumpelekea habari anapoona jambo lisilo la kawaida.

Ndugu Mwenyekiti, mada sasa inaingia katika suala lenyewe, nalo ni mto.

Mto Kinyasungwe unakusanya maji ya nyanda za Dodoma, Kongwa na Mpwapwa. Kwa sehemu kubwa ya mwaka mto huo ni mchanga mtupu, na mgeni anaweza kuuvuka kwa viatu. Mvua zinapokuja, maji hushuka kwa ghafla, hupita Gulwe na Godegode, huteremka Kidete na Kilosa ambako mto huitwa Mkondoa, kisha huingia Wami na kumwagika baharini karibu na Saadani. Kwa maneno mengine, mchanga unaotoka katika mashamba ya Mpwapwa huishia kwenye bahari inayotazamana na Unguja. Reli nayo, kati ya Kilosa na Gulwe, inafuata bonde hilo hilo. Wajenzi wa Kijerumani waliufuata mto kwa sababu ndio uliokuwa umekwisha kuchonga njia katika milima, na tangu hapo reli na mto vimekuwa vikigombania nafasi.

Mvua za El Niño za 1997/98 ziliibomoa reli hiyo vibaya. Mwishoni mwa Disemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yaliharibu tena sehemu ya Kilosa hadi Gulwe, usafiri wa treni ukasimama kwa miezi kadhaa, na maelfu ya wananchi wa Kilosa walikosa makazi. Mwaka 2020 maji yaliibomoa tena njia katika bonde hilo na safari zikasitishwa. Kila mara mafundi walirudi, wakamwaga mawe na kokoto, wakapanga mataruma, treni zikapita, na watu wakaanza kuhesabu miaka hadi mvua nyingine.

Yafaa kuuliza, kwa nini jambo linalojulikana hivyo linajirudia? Sababu moja ni maumbile ya ardhi, na katika hilo hakuna wa kulaumiwa. Sababu ya pili ni mgawanyo wa dhamana. Gulwe na Godegode ziko Mkoa wa Dodoma. Kidete na Kilosa ziko Mkoa wa Morogoro. Mvua hunyesha katika mkoa mmoja na nyumba huanguka katika mkoa mwingine. Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Mkoa wa Dodoma inaweza kufanya kazi yake kikamilifu, na ya Morogoro vile vile, na bado maji yakapita katikati yao kwa sababu hayakuomba ruhusa kwa kamati yoyote.

Ukiachia mikoa, ziko idara. Kilimo kwenye miteremko ni shughuli ya Halmashauri ya Wilaya. Misitu inayoshikilia udongo ina wakala wake. Mto uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami na Ruvu. Utabiri wa mvua hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Barabara na madaraja yake vina wakala mwingine, na reli ina shirika lake. Tena shirika lenyewe liliwahi kugawanywa. Shirika la Reli lililoundwa mwaka 1977, baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, lilikoma kuendesha treni mwaka 2007, uendeshaji ukakabidhiwa kampuni moja na mali za reli zikabaki mikononi mwa kampuni nyingine, hadi sheria ya mwaka 2017 ilipoziunganisha tena. Maana yake ni kwamba mafuriko ya 2009 yalikuta mwenye treni si mwenye tuta. Mgawanyo wa namna hiyo una hoja zake za kiuchumi, na mada hii haikusudii kuzijadili. Kwa upande wa usalama, hata hivyo, ni dhahiri kwamba kila mpaka unaochorwa baina ya ofisi mbili huhitaji mtu wa kuusimamia, na mara nyingi mpaka huchorwa na mtu huyo asiteuliwe.

Mkoa wa Dodoma una mfano mzuri pia. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo la Kondoa lililokuwa limemomonyoka. Hatua hiyo iliwagusa wafugaji kwa uchungu na haikupendwa na kila mtu. Lakini ni vigumu kukana kuwa uoto ulirudi katika makorongo ambayo watu walikuwa wamekwisha kuyakatia tamaa. Mabwana shamba, mabwana misitu, mabwana mifugo na watawala walikaa katika mpango mmoja. Kama juhudi ya aina hiyo ingelitazamwa pia kama ulinzi wa reli, pengine miteremko ya bonde la Kinyasungwe ingelipewa nafasi yake mapema zaidi.

Ndugu Mwenyekiti, tarehe 24 Juni 2002 lilitokea katika sehemu hizo tukio ambalo haliwezi kupitwa kwa haraka. Treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam, ikiwa imebeba zaidi ya watu 1,200, ilipata hitilafu ya breki ikiwa katika mwinuko baina ya Msagali na Igandu. Ikaanza kurudi nyuma, ikazidi kushika kasi kwenye mteremko, na mwisho ikagongana na treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake. Idadi ya waliokufa iliyotangazwa ni watu 281, na waliojeruhiwa walikuwa mamia. Hakuna adui aliyehusika. Hakuna aliyetega bomu. Hata hivyo Taifa lilipoteza kwa asubuhi moja watu wengi kuliko ambao lingepoteza katika mapambano makubwa ya silaha.

Katika ajali ya kiasi hicho wanaofika mwanzo si maofisa. Ni abiria wenyewe walionusurika, na wanavijiji. Baada yao ndipo hufika polisi, jeshi, madaktari, mafundi wa reli wenye vifaa vya kukatia vyuma na kunyanyua mabehewa, Msalaba Mwekundu, waandishi wa habari, na jamaa wanaotafuta ndugu zao. Kila mmoja ana haki ya kuwapo na kila mmoja ana haja yake. Daktari anataka njia iachwe wazi. Polisi wanataka ushahidi usiguswe. Fundi anataka kukata chuma sasa hivi kwa sababu chini yake kuna mtu anayepumua. Jamaa anataka jina. Inapokuwa hakuna mtu mmoja ambaye wote wamekubali kumsikiliza, wenye nia njema huanza kuzuiana. Ajali yenyewe ilitokea karibu na mahali ambapo Wilaya ya Mpwapwa inapakana na iliyokuwa Wilaya ya Dodoma Vijijini, ambayo baadaye ilizaa Wilaya ya Chamwino. Mwaka 2002 simu za mkononi hazikuwa zimeenea vijijini. Aliyekuwa na njia ya uhakika ya mawasiliano alikuwa ni mtu wa stesheni, si Mkuu wa Wilaya. Jambo hilo peke yake linatosha kueleza kwa nini Kamati ya Usalama ya Wilaya inayopitiwa na reli inapaswa kumjua stesheni masta kwa sura na kwa jina kabla ya siku ya msiba.

Waheshimiwa Wajumbe wa visiwani hawahitaji kufafanuliwa zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa na abiria wengi kuliko uwezo wake. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit nayo ilizama karibu na Chumbe. Bandarini walikuwapo wenye dhamana ya tiketi, wenye dhamana ya vyombo, wenye dhamana ya ulinzi na wenye dhamana ya hali ya hewa. Baharini walitoka KMKM, polisi, wavuvi wa Nungwi na wapiga mbizi. Reli na bahari haziko mbali kama zinavyoonekana kwenye ramani.

Sasa, sheria zinasemaje? Katiba ya Jamhuri ya Muungano inaweka Ulinzi na Usalama, pamoja na Polisi, katika orodha ya Mambo ya Muungano. Bandari na usafiri wa anga pia zimo. Reli haimo. Kwa hiyo reli ya Gulwe ni jambo la Tanzania Bara, lakini askari anayeilinda ni wa Muungano, naye anaweza kuwa kijana wa Mkoani au wa Donge. Kinyume chake, KMKM, JKU, Kikosi cha Valantia, Chuo cha Mafunzo na Zimamoto na Uokozi ni Idara Maalum za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, lakini bahari wanayoifanyia kazi inapakana na ulinzi wa Muungano kila upande. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1996, ilipotungwa, iliipa Idara ya Usalama kazi ya kukusanya habari na kuishauri Serikali, si kazi ya kutekeleza hatua za usalama kwa mikono yake. Hilo lilikuwa ni kuitegemeza Idara kwa wenzake tangu siku ya mwanzo. Mwaka 2010 ilipitishwa Sheria ya Baraza la Usalama wa Taifa, ambayo iliweka Baraza kwa ngazi ya juu na kuzipa msingi wa kisheria Kamati za Usalama za Mikoa na Wilaya. Kwa upande wa maafa Zanzibar ilitunga sheria yake mwaka 2015, iliyoanzisha Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa.

Vyombo basi vipo, na vikao vipo. Pengine vikao vimezidi. Lililo haba ni habari kushuka na kupanda kwa wakati. Baadhi ya watendaji huona kuwa kukaa na habari ni daraja, na kumpa mwenzake ni kujipunguzia. Siri za Serikali zipo na zitaendelea kulindwa. Lakini kiwango cha maji cha mto si siri, wala kalvati lililoziba si siri, wala meli iliyojaa si siri. Kugonga muhuri wa siri juu ya mambo ambayo kila mwanakijiji anayaona ni kuuchosha muhuri huo.

Zipo pia hatari ndogo ndogo ambazo haziwezi kuonwa ila na jirani. Vifungo vya reli na nyaya za shaba vimekuwa vikiibwa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Kikosi cha Polisi cha Reli hakiwezi kusimamisha askari katika kila kilomita ya njia hadi Kigoma. Anayemwona mwizi ni mchungaji wa mbuzi. Ndiyo maana mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa ili kuvitambua vikundi vya sungusungu, ambavyo vilianzia Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vikundi hivyo vimewahi pia kuvuka mipaka ya sheria katika baadhi ya sehemu, na polisi walilazimika kuwarudisha katika mstari. Ushirikiano na wananchi hauna maana ya kuwaachia kazi ya mahakama.

Hivi sasa jirani na reli ya zamani imepita reli mpya ya kiwango cha kimataifa, yenye stesheni hapo hapo Gulwe. Treni za umeme zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwezi Julai 2024. Hazikumaliza mwezi huo kabla Shirika la Reli halijatoa taarifa kwamba ngedere na bundi walikuwa wamesababisha hitilafu ya umeme. Wananchi walicheka, na si ajabu. Lakini kicheko hicho kina jambo ndani yake: treni inayokwenda Makao Makuu ya Nchi sasa inategemea pia Shirika la Umeme na wataalamu wa wanyama. Ofisi mbili zaidi zimeongezeka katika hesabu ya Gulwe, na hakuna uhakika kwamba zote zimekwisha kujihesabu humo.

Ndugu Mwenyekiti, kutokana na maelezo haya, Kamati zinaombwa kuyazingatia mambo yafuatayo katika vikao vyao vya kawaida, bila ya kuongeza vikao vipya. Kwanza, kila Wilaya iainishe sehemu zake za hatari zilizo mpakani na Wilaya nyengine, nchi kavu na baharini, na Wakuu wa Wilaya husika waandikiane ni nani atakayeongoza tukio likitokea hapo. Pasiwepo na sehemu yenye viongozi wawili wala isiyokuwa na kiongozi. Pili, taarifa ya hali ya hewa inapopokelewa Wilayani ifike kwa Sheha, kwa nahodha na kwa mkuu wa gati siku hiyo hiyo, na aliyeipokea aandike saa aliyoipokea. Tatu, mazoezi ya uokozi yafanywe kwa pamoja baina ya KMKM, Zimamoto, Polisi na hospitali, na wavuvi waalikwe, maana wao ndio watakaofika mwanzo. Katika mazoezi hayo ijaribiwe pia kazi isiyopendwa, yaani kuandika majina ya waliookolewa na waliofariki, na kuwapa jamaa zao jibu kutoka sehemu moja.

Masheha wanaombwa kuwasilisha kwa Wakuu wa Wilaya, kabla ya kuanza kwa mvua za masika, orodha ya mitaro iliyoziba, madaraja mabovu, bandari bubu na vyombo vya uvuvi vyenye mashine katika shehia zao, pamoja na majina ya watu wanaoweza kupatikana usiku. Orodha hizo zitasomwa mbele ya Kamati nzima, wakiwemo wawakilishi wa vikosi, na nakala itabaki Wilayani mahali ambapo ofisa wa zamu anaweza kuifikia bila ya kutafuta ufunguo.